Starlet ya Mwisho Mbinga

Benchi letu liko nyuma ya stendi ya Mbinga, kati ya duka la pembejeo na ukuta wa gereji iliyofungwa. Ni ubao mmoja wa mti wa mlingoti, umekaliwa mpaka umekuwa laini kama benchi la kanisani. Kombo anachemsha kahawa hapo kwenye jiko la mkaa. Sisi Wamatengo tunalima kahawa tangu enzi za babu zetu, lakini kuinywa tumefundishwa na huyu Kombo, ambaye wazee wake walitoka Kilwa na hana hata mche mmoja. Anayekaa karibu na jiko ni Alphonce, fundi, tunamwita Diferensho, na ile gereji iliyofungwa ilikuwa yake. Anayemfuatia ni Henry, tunamwita Profesa, kwa sababu huwa na majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa. Mimi ni Ignatio. Wao wananiita Mzee Novena, kwa kuwa nakuja hapo nikitoka misa ya asubuhi, na rozari yangu bado iko mkononi.

Siku hiyo nilikuja na neno la kuwaomba ushauri. Jumapili ukoo wetu ulikuwa unakutana nyumbani kwangu kuondoa matanga ya mwanangu Florian. Kwetu, vitu vya marehemu hugawiwa mbele ya ndugu wote, na anayechukua kitu huchukua pamoja na nafasi. Aliyechukua jembe atamlimia mama wa marehemu. Aliyechukua koti atakaa pale marehemu alipokuwa akikaa. Ndugu walikuwa wameshasema kila mtu anachotaka, na gari la Florian, ile Starlet nyekundu, hakuna aliyelitaja. Halafu Bernadi, mtoto wa kaka yangu, akasema atalichukua yeye. Mke wangu Walburga alifurahi. Alisema anataka kuusikia tena ule mlio ukipanda kilima. Mwenye kukabidhi ni mimi, na nilikuwa sijajua kama nitakabidhi.

Sikuwahi kufungua mdomo. Nilimkuta Diferensho ameshaanza kulalamika.

Alikuwa anasema kwamba asubuhi kama ile, zamani, usingeweza kuvuka barabara hii kwa sababu ya vile vigari. Starlet zilikuwa nyingi kama kuku. Kijana akiuza kahawa yake vizuri msimu mmoja, wa pili anakwenda Dar es Salaam na kurudi na Starlet yenye tabo kwenye injini. Anakata springi ili gari lilale chini. Anatoboa eksozi ili mama zetu washtuke jikoni. Kisha anashuka nayo Mbamba Bay kuchukua usipa, na anarudi kabla samaki hawajajua kwamba wametoka ziwani. Sasa, alisema, amekaa hapa tangu alfajiri, zimepita Noah, zimepita bodaboda, limepita trekta. Starlet hakuna.

— Zimekwenda wapi? alituuliza. Gari si chumvi kwamba limeyeyuka.

Profesa alikuwa ameshajiandaa. Alieleza kwamba ni bodaboda ndizo zilizozimaliza. Bodaboda inapita kwenye njia ya mguu mpaka Litembo, inabeba mgonjwa, inabeba gunia, inabeba na anayemuuguza mgonjwa. Starlet iliyokatwa springi haiwezi kuvuka hata ganda la ndizi. Ndiyo maana wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Kombo alimwambia kwamba methali hiyo haihusiki, kwa sababu bodaboda haziendi pole.

— Inahusika, Profesa alimjibu. Asiyekwenda pole ni nani? Si Starlet? Basi imejikwaa.

Diferensho hakukubali. Yeye alisema zimekatwa skrepa. Walikuja watu na lori, wakanunua mabodi kwa kilo, na leo nondo zilizoko kwenye nyumba mpya za hapa mjini ni Starlet tupu. Alimwonyesha Profesa kidole na kumwambia kwamba hata ule mlango wa chuma aliouweka mwaka jana, ukiugonga vizuri, utasikia gia ya tatu.

Tulicheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Profesa hakupenda kushindwa, akaongeza. Alisema bodi zimekwenda skrepa, sawa, lakini injini ziko ziwani. Wavuvi wa Chiwanda wamezifunga kwenye maboti. Ndiyo maana usipa wamepungua, kwa sababu wanasikia tabo inakuja wakiwa bado mbali, wanahamia Msumbiji.

— Haba na haba hujaza kibaba, alimalizia.

— Kujaza nini, na wewe unaeleza mambo yanayopungua? Diferensho alimuuliza.

— Kibaba cha Msumbiji ndicho kinachojaa.

Diferensho naye akapanda juu zaidi. Akasema liko ghala moja kubwa, hatataja mji, la tajiri mmoja ambaye hatamtaja jina, na humo zimepangwa Starlet za mkoa mzima, zimefunikwa mashuka. Tajiri anasubiri zisahaulike. Zikishasahaulika, Wajapani watakuja kuzinunua kwa machozi, maana walituuzia bila kujua walichokuwa wanauza, na sasa hawajui tena kutengeneza kitu kidogo chenye hasira kiasi kile.

Kombo alikuwa kimya. Kwa kawaida yeye ndiye anayemaliza, kwa kuwa akisema jambo la Pwani hatuna wa kumkanusha. Siku hiyo alichochea mkaa, akanijazia kikombe bila kuniuliza, akarudi kukaa kwenye kigoda chake. Nilidhani anaumwa.

Profesa ndiye aliyeteleza. Alikuwa anaeleza habari za barabara, kwamba lami ilipofika ziwani vijana walidhani milima imeondolewa pamoja na vumbi. Barabara ya zamani, alisema, ilikuwa na mashimo, na yale mashimo yalikuwa mlezi. Lami haina mlezi. Alinyanyua kidole kama anavyofanya methali ikimjia.

— Asiyesikia la mkuu, alisema, halafu akaniona.

Hakumalizia. Akashusha kidole na kukitia kwenye kikombe kana kwamba anapima joto. Diferensho alitazama ukuta wa gereji yake. Hivyo ndivyo wanavyofanya tangu nimzike Florian. Wanayazungumza magari mpaka yanafika Msumbiji na Japani, ili yasifike kwenye ile kona.

Basi nitaieleza mwenyewe, kwa kuwa Mungu anaijua na barabara inaijua. Florian alikuwa anapanda kutoka Mbamba Bay, ana ndoo za usipa kwenye kiti cha nyuma. Kwenye kona moja hakukata, akaenda moja kwa moja. Gari lilitoka barabarani, likaingia kwenye shamba la mahindi la mtu, na lile shamba lilikuwa la ngoro, yale mashimo ya mraba tunayoyachimba milimani tangu zamani ili mvua isibebe udongo. Ngoro zilililaza gari taratibu. Taa moja ilivunjika na bampa likapinda. Florian alikuwa ameshatupwa nje, kwenye jiwe. Mashimo tuliyorithi kwa babu zetu yalizuia udongo, yalizuia na gari. Mwanangu hayakumzuia. Nimemuuliza Mungu juu ya jambo hilo kwa maneno yote niliyofundishwa. Bado namsikiliza.

Hapo nikapata nafasi ya kusema neno langu. Niliwaambia kwamba Starlet bado iko moja, iko kwangu, na Bernadi anaitaka Jumapili.

Walifurahi kama watu waliofunguliwa mlango. Diferensho alisema atalinyoosha bampa bure, na taa anayo, aliificha tangu gereji ilipofungwa. Profesa alisema kitu kizuri hakiozeshwi uani, na chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia kwamba hili halijiuzi wala halijitembezi, liko chini ya mparachichi, na Walburga analifuta vumbi kila Jumamosi asije kuku akataga ndani.

— Ndiyo nasema, Profesa alijibu. Mpe kijana. Mji usikie tena.

Nilimwangalia Kombo. Akatazama mkaa wake.

Wakati huo bodaboda ilisimama mbele yetu, akashuka Dorothy, mke wa Bernadi. Ana mtoto mgongoni, na wa pili ameanza kuonekana tumboni. Alipiga goti kidogo.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu, tulimwitikia.

Nilimuuliza habari za Matiri, wanakoishi. Akasema wote wazima. Alikuwa amepitia nyumbani kwangu, Walburga akamwambia niko hapa. Profesa alimsogezea nafasi kwenye benchi, akamwambia kwa furaha kwamba Jumapili atarudi kwake Matiri kwa gari, si kwa bodaboda. Dorothy hakukaa. Alisema amekuja kuuliza neno moja, na amekuja kuliuliza hapa kwa sababu Bernadi humwambia kwamba wazee wa benchi hili wanavijua vile vigari vyote, na wenyewe waliokuwa wakiviendesha.

— Tunavijua hata kwa mlio, Diferensho alisema. Uliza, mama.

— Nitajieni mmoja aliyeendesha Starlet ya namna hiyo mpaka akaota mvi.

Diferensho alicheka, akasema hilo ni jepesi. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Alimtaja kijana wa kule mlimani aliyekuwa na Starlet nyeupe, kisha akaukunja ule mkono, maana tulimzika. Profesa alimtaja mtoto wa mwalimu. Diferensho akamwambia polepole kwamba mtoto wa mwalimu alifia humo na wenzake wawili, siku ya harusi. Profesa akataja mwingine. Huyo yuko hai, lakini miguu haifanyi kazi, yuko nyumbani kwa mama yake. Walitafuta. Nilikuwa nawaona wanatafuta kweli, kama mtu anayepapasa mifuko yake yote huku anajua hana kitu.

— Othmar, Profesa alisema mwisho. Othmar aliyekuwa na ile ya bluu. Yuko Chiwanda, ana duka. Nilimwona Pasaka, kichwa chote cheupe.

Dorothy alimgeukia kwa matumaini.

— Aliendesha muda gani, baba?

— Hakuendesha muda mrefu, Diferensho alisema. Aliuza.

— Alimuuzia nani?

Dorothy alidhani hatukumsikia, akauliza tena, kwa adabu ileile.

— Alimuuzia Azizi, Kombo alisema.

Azizi alikuwa mtoto wa dada yake Kombo. Wote tulikwenda kwenye maziko yake, Wakristo na Waislamu, ukungu umetanda mpaka shekhe haonekani. Niliikumbuka siku hiyo, lakini sikuwahi kujua kwamba gari lilikuwa lile la Othmar. Kombo alikuwa anajua. Miaka yote hii amekuwa akituchemshia kahawa, sisi tunapanga Starlet kwenye maghala, yeye anajua.

— Othmar hakufanya kosa, Kombo aliendelea, akiwa bado anatazama jiko. Alimwogopea mwanawe, akaitoa nyumbani. Ilikuja kwetu. Dada yangu alipika pilau siku ilipofika.

Mtoto wa Dorothy alianza kulia mgongoni, naye akamtikisa taratibu bila kuondoka. Alikuwa ananitazama mimi sasa.

— Bernadi hajui kama nimekuja, alisema. Akijua, itakuwa vita. Hii gari anaiota. Analala anabadilisha gia.

— Jumapili hatalichukua, nilimwambia. Nitampa jembe langu. Atalitupa, najua.

— Atakuchukia, baba.

— Na anichukie. Anichukie akiwa hai.

Aliinamisha kichwa. Hakunishukuru, na nilifurahi kwamba hakunishukuru. Alirudi kwenye bodaboda, akamfunika mtoto kichwa, wakaondoka.

Profesa alikohoa. Alisema kwamba kama Bernadi hapewi, basi watu watakuja kuliulizia, wapo vijana wengi, na bei.

Nilimwambia kwamba nimeshasikia lilivyokwenda lile la bluu. Kisha nikamuuliza Diferensho kama mtungi wake wa gesi ya kukatia vyuma bado una kitu ndani. Alielewa mara moja. Aliweka kikombe chini, mikono yake, ambayo imefungua kila injini ya mji huu, akaikalia kama mwanafunzi.

— Mzee Novena, alisema, ni ya mwisho. Mbinga nzima hakuna nyingine.

— Najua.

— Na Mama Florian?

— Atalia, nilimjibu. Atanisema mbele ya ndugu, na pengine hatanipikia. Mimi nitakaa naye.

Diferensho alimtazama Kombo, kama vile Kombo ndiye angeweza kunizuia. Kombo alimwaga maji kwenye mkaa. Ilikuwa bado asubuhi, na birika lilikuwa na kahawa zaidi ya nusu, lakini alilizima jiko, akavaa kofia yake vizuri.

— Nitashika upande mmoja, alisema. Milango ya gari ile ina uzito.

Tukaondoka watu wanne, Profesa nyuma yetu, kwenda kuchukua gesi.