Moshi wa Landrova ya Kishanda

Sogeeni karibu, na mlango muuache wazi, maana pumzi iliyobaki kifuani mwangu ni ya kupimia kijiko na sitaki kuigombania na jasho lenu. Adventina, mke wangu, kaa hapa kichwani uniinue nikianza kukoroma. Privatus, mdogo wangu, simama pale nikuone uso. Baba mdogo Rweyemamu, shika kiti, na uache kuchungulia dirishani, Landrova haijaenda popote na mwenyewe bado nipo. Na wewe katekista, fungua daftari uandike, kwa mwandiko wako huo huo wa kuku aliyetoka kwenye tope, lakini uandike kila neno, hata yatakayokuchoma masikio.

Desturi mnaijua. Anayeusia kwa mdomo lazima asikilizwe na mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, nao wakae mpaka neno la mwisho. Mmoja akitoka nikiwa bado nasema, wosia umekufa kabla yangu, na vyote nilivyochuma vinarudi kwa ukoo, mke wangu akibaki na khanga zake na sufuria. Wa ukoo ni baba mdogo na binamu yangu Yoeli, yule kule aliyekaa kama anayesubiri kunyolewa. Wa nje ni katekista, na wewe Mzee Muharami, uliyefunga duka lako la spea Rwamishenye ukapanda basi kuja kuniona. Sasa mzee wangu, kabla sijaanza, nakuomba kitu kimoja. Usinyanyuke. Utataka kunyanyuka, nakuambia mapema. Usinyanyuke.

Najua mnasemezana kwa macho: huyu wa miaka thelathini na minne anaagaje kama mzee? Waitu, ndugu zangu, mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii tangu baba azikwe, miaka mingi kabla ya Uhuru, na niliachia shule darasa la tano ili ninyi wengine mle. Nikasoma kwa mikono. Waliofika mpaka kidato cha nne wakaja hapa na magari yao yaliyozimika, wakanishikia tochi, wakaniita bwana fundi. Landrova ile mapadre waliitupa kama chuma chakavu, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nikaisukuma, nikaifufua, na tangu siku ile nani wa Kishanda amefia njiani akipelekwa hospitali? Nitajieni mmoja. Hakuna. Kwa hiyo nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mzee, hata kama sina mvi.

Kibanja kwanza. Migomba yote kuanzia uani mpaka kwenye mtaro ni ya Privatus, yeye ndiye omusika, anakalia kiti changu, kwa kuwa sikujaliwa mtoto wa kiume. Nyumba hii, na ile mibuni ya chini, ni ya Adventina na binti yetu Immakulata, na mtu asiwahamishe. Hata tukihamishiwa kijiji cha ujamaa mwakani kama mwenyekiti anavyotangaza, watakapopewa kiwanja, wapewe wao kwa majina yao.

Landrova ni ya Adventina. Peke yake. Privatus ataiendesha, lakini mwenye gari ni yeye, na yeye ndiye atakayesema leo iende wapi na nani apande. Umesema nini, baba mdogo? Mwanamke na gari hujapata kusikia? Wewe ni mwanaume na baiskeli yako haijapata kufika kanisani bila pancha, mbona hatujakunyang'anya? Katekista, umeandika? Hebu nisomee. Vizuri. Nipeni maji.

Sasa linakuja lenyewe.

Nyote mnakijua kilima cha kutokea huku kwenda Muleba. Landrova ya dizeli, na umri wake ule, ukiipakia magunia manane ya kahawa na mama mjamzito pale mbele, ilikuwa ikifika katikati inaanza kulia. Kwenye pampu yake ya dizeli kuna skrubu ndogo. Ukiigeuza nusu mzunguko, injini inamwagiwa mafuta kupita kiasi, gari linapanda kama limetukanwa, na huko nyuma linatema moshi mweusi kama tanuri la matofali. Ndiyo maana skrubu ile imefungwa kwa waya na tone la madini ya risasi lenye alama, na mkaguzi wa magari Bukoba akikuta risasi imekatwa, au akiona moshi mweusi, gari halirudi barabarani. Mimi nikafanyaje? Ukaguzi ukikaribia, narudisha skrubu nyuma, gari linapita mbele ya mkaguzi kwa utulivu wa mtawa. Tukishafika nyumbani nakata risasi, nageuza skrubu, kisha nafunga risasi ya kwangu, niliyoiyeyusha kutoka vizito vya nyavu za wavuvi wa Kemondo na kuigonga alama kwa kifungo cha koti. Miaka mitatu. Mkaguzi ananishika mkono, ananiambia, "Laiti ningekuwa na mafundi kumi kama wewe." Nikajiona nina akili kuliko serikali nzima.

Mzee Muharami, unaanza kuelewa. Naona unajiinua kitini. Kaa.

Siku ile ya Machi, mwanao Ayubu alikuwa nyuma yangu kilimani na pikipiki, amebeba vitambaa vya sare za shule. Alipiga honi mara mbili apite. Nami nikacheka. Nikasema moyoni, ngoja nimwonyeshe mtoto wa mjini gari la shamba linavyopanda, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Moshi ukamfunika, kona hakuiona. Nilimkuta kwenye korongo, goti limegeuka upande. Na baraza lilipokaa, balozi wa nyumba kumi akaniuliza mbele yenu, "Datius, gari lako lilitoa moshi?" Nikafungua boneti. Nikawaonyesha risasi, nzima, inang'aa. Halafu kwa sababu bado walikuwa wananitazama, nikaongeza ambalo hakuna aliyeniuliza. Nikasema, "Kijana alinuka lubisi."

Hakunuka kitu. Ayubu hajapata kuonja pombe maishani mwake, aliapa na mlimcheka, na baba yake akaniamini mimi. Ukaniamini mimi, mzee. Ukamwambia mwanao, mbele ya watu, kwamba mlevi hatalala chini ya paa lako, na fundi cherehani yule ambaye mguu wake haukanyagi tena cherehani akaondoka kwa mkongojo, mpaka leo yuko Izimbya kwa mjomba wake.

Kaa! Kaa, Mzee Muharami, nakuomba... Adventina, niinue. Zaidi. Hapo.

Unaniuliza kwa nini leo. Ningeweza kunyamaza, kweli. Ningenyamaza, ungekaa hapo kwa amani, ungetia dole gumba kwenye daftari, na mke wangu angekuwa na gari lake. Nilipanga hivyo mpaka asubuhi hii. Lakini ulipoingia ulinishika paji la uso ukasema, "Datius, Ayubu amenipotea, wewe ndiye mwanangu niliyebaki naye."

Na ipo sababu nyingine. Privatus, toa kilichomo mfukoni. Cha kulia. Toa, kila mtu aone. Mnakiona? Risasi. Jana alidhani nimelala, alikuwa anaiyeyusha uani kwenye kopo la samli. Jumatatu ni ukaguzi, naye anataka kuwa mimi. Itupe. Chooni, siyo uani. Nenda, sisi tunakusubiri... Umerudi. Sasa nisikilize kwa masikio yote mawili, maana hili utalila na mke wangu.

Baada ya Ayubu nilianza kazi upya, kimya kimya, kwa hewa. Injini ya dizeli ukiinywesha mafuta bila hewa inavuta sigara tu, haifanyi kazi. Nikatupa lile chujio lililozibwa na vumbi letu jekundu, nikafunga kubwa la lori, na bomba la kuvutia hewa nikalipandisha mpaka usawa wa paa, juu ya vumbi. Vali nikazisaga moja moja kwa mkono mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Nozeli za kupulizia dizeli nikazipeleka mjini zikapimwa. Eksozi nikaweka pana, nikaondoa zile kona mbili zilizokuwa zikiikaba. Skrubu nikairudisha mahali pake pa kiwandani, nikaenda kwa mkaguzi bila kuitwa, nikamdanganya kwamba risasi ilikatika njiani, akanifungia ya kwake. Naam, hata kutubu nilitubu kwa uongo, ndivyo nilivyo. Lakini Jumatano, na magunia manane, tulipanda kilima kizima kwa gia ya pili, na Privatus alitembea nyuma na shati jeupe. Waambie lilifika juu na rangi gani. Sema kwa sauti. Jeupe! Nguvu ile ile, au imepungua kidogo sana, na moshi ni mvuke wa chai. Hakuna fundi Bukoba nzima aliyefanya hivyo kwa gari la umri ule. Nionyesheni.

Ilibaki kukaza bomba tu. Gari liko kwenye mteremko hapo nje, mimi nina haraka, nikazuia gurudumu kwa kipande cha mgomba mbichi, kama tunavyofanya wote, kwa sababu kiko karibu na jiwe liko mbali. Kikagandamizwa, kikachuruza maji, gari likarudi nyuma juu yangu. Fundi niliyewashinda wote nikauawa na mgomba wangu mwenyewe. Chekeni, ruhusa mnayo.

Mzee Muharami. Umesimama.

Usimshike, Privatus. Wewe Adventina usimwite, usilie, ana haki. Baba mdogo, meno yako yafiche, bado sijamaliza. Mzee, sikukuomba msamaha, sikuthubutu. Nilikuomba masikio tu, mpaka mwisho. Mguu mmoja uko nje. Mwingine... uache ndani. Nitafupisha.

Katekista, andika haraka. Ukurasa huu usomwe barazani, pale pale nilipodanganya, na balozi awepo, na waliocheka wote wawepo. Jumatatu gari liende Bukoba lilivyo. Skrubu asiiguse mtu... Adventina, ukikuta waya umekatwa, mnyang'anye funguo hata kama ni mdogo wangu. Chujio lisafishwe kila Jumamosi. Mnizike chini ya mibuni, kusiwe na hotuba, mtu wa chama akitaka kusema aseme nyumbani kwake.

Maji... hapana, acha. Yanarudi.

Immakulata akiamka mwambieni baba alikuwa... mwambieni kweli yote, akikua. Yaandikeni na haya ya mwishoni. Mungu akubariki, Adventina, ulioga moshi wangu miaka yote na hukunitukana. Akubariki, Privatus, akupe mikono yangu, asikupe mdomo wangu. Awabariki Yoeli, katekista... na baba mdogo naye, ampe pampu ya baiskeli. Awabariki mnaobaki, mlale bila kitu cha kuficha.

Mguu uko wapi? Siuoni vizuri. Adventina, niambie... Bado ndani? Ameegemea mwimo wa mlango? Ananitazama? Hanitazami. Sawa. Si lazima. Katekista, andika jina lake, liwe la shahidi wa nne. Andika, shahidi huyu alisikia yote... amesimama.

Umeandika? Privatus, washa gari. Mpeleke mzee kwa mwanawe Izimbya, sasa hivi, msiningoje mimi.

Nimemaliza. Sasa toka, mzee wangu.