Sufuria ya Neeltje Vreugdenhil, 1941–2024

Marehemu Neeltje Vreugdenhil, ambaye kwao alikuwa Neeltje Padmos, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 kijijini Nieuwerkerk, kisiwani Duiveland, mkoa wa Zeeland. Alikuwa mtoto pekee wa mzee Marinus Padmos, kibarua wa shambani, na mkewe Jobje. Mzee Marinus alikuwa bahili wa taa, akizizima mara tu vyombo vinapooshwa. Baada ya hapo alitoka nje na binti yake kutazama nyota. Kundi walilolipenda ni lile ambalo sisi huku tunaliita Sufuria, nyota saba zenye umbo la sufuria ya mpini mrefu.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini hadi usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, bahari ilipovunja kingo na familia ikapanda juu ya paa. Usiku wa pili mawingu yalifunguka, baridi ikazidi. Mtoto akisinzia katika baridi ile haamki tena, kwa hiyo baba yake akamsemesha usiku kucha.

"Neel, Sufuria iko wapi?"

"Ile pale, Baba."

"Ina nini ndani?"

"Haina kitu."

"Basi pika. Leo tunakula nini?"

Akapika viazi, akapika maharage, akapika hata nyama ambayo kwao ilionekana Jumapili tu, mpaka mashua ya waokoaji ikafika asubuhi. Mama na mtoto walishushwa wakiwa hai. Mzee Marinus, aliyekuwa amewakinga upepo kwa mgongo wake, alikuwa amekata roho. Tangu siku hiyo marehemu hakwenda kulala bila kutoka nje kidogo kuisalimu Sufuria, na nyumbani sote tulijua anayesalimiwa ni nani.

Yeye na mama yake walipokewa na mama yake mdogo huku Westland, kwenye nyumba za vioo za wakulima. Alimaliza shule ya maarifa ya nyumbani mwaka 1957, akaajiriwa kufunga mashada ya waridi kwa ajili ya mnada. Huko ndiko alikokutana na Leendert Vreugdenhil, kijana aliyefunga mashada ovyo kwa makusudi ili msichana wa Zeeland aje kumkaripia. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1963, wakajaliwa watoto wawili, Bastiaan na Jobje, pamoja na nyumba ya vioo ya kuoteshea waridi, mtaa wa Kortelaan, mkabala na sebule yao.

Vuli ya mwaka 1986 Leendert, baba mkwe wangu, alifunga taa humo ndani ili waridi zichanue hata wakati wa baridi. Sitazisema vibaya taa hizo, maana ndizo zilizomsomesha mume wangu Bastiaan. Lakini mbingu ya Kortelaan iligeuka rangi ya chungwa, majogoo wakawa wanawika muda wanaotaka, na Sufuria ikatoweka. Marehemu alisema mara moja tu, mezani.

"Lee, Sufuria yangu umeifunika."

"Neeltje, taa hizo ndizo zinazojaza ile ya jikoni."

"Najua. Ndiyo maana nakula na sikushukuru vizuri."

Hakugomba tena, ila usingizi ulimkimbia. Mwishowe alinunua mapazia mazito ya sebuleni. Nyinyi mnajua hapa kwetu mambo yalivyo: usiku pazia huachwa wazi, kila mpita njia aone tunavyokunywa kahawa, na nyumba ikifungwa mapazia mchana kweupe, basi humo kuna maiti. Asubuhi moja ya Januari marehemu alipitiwa na usingizi kwenye kochi, mapazia yamefungwa, hadi saa tano. Jirani yetu Koos Zwinkels alivaa suti nyeusi, akaja na keki. Mlango ukafunguliwa na baba mkwe mwenyewe.

"Leendert! Kumbe u mzima?"

"Ulitaka niweje?"

"Si mapazia! Mke wangu amekulilia tangu saa tatu."

"Mwambie ahsante."

"Sasa hii keki nirudi nayo?"

"Keki inabaki, Koos. Wewe nenda kavue suti."

Mtaa mzima ulicheka kwa wiki nzima. Lakini baba mkwe hutusimulia kwamba alipofunga mlango alimtazama mkewe amelala pale kochini, akatambua kuwa Koos hakukosea sana. Nyumba ilikuwa na msiba, nao umeletwa na taa zake.

Tarehe 1 Februari 1987 alizima taa zote, usiku mmoja, waridi zipende zisipende. Marehemu alitoka nje akakaa muda mrefu, akarudi na pua nyekundu akidai chai. Kila mwaka usiku huo taa zilizimwa. Baadaye baba mkwe akawa wa kwanza mtaani kuweka mapazia juu ya vioo ili mwanga usitoke nje, na wengine wakafuata, japo waliacha ufa wa kutoa joto. Marehemu alikuwa akiwapigia simu.

"Koos, pazia lako liko wazi."

"Waridi zinapumua, Neeltje."

"Na mimi je?"

Koos alinung'unika, kisha akafunga. Tunamshukuru kwa hilo kuliko anavyodhani.

Mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Aliuguzwa nyumbani na mumewe na binti yake, bila kupungukiwa utani. Alifariki dunia asubuhi ya Jumatatu, tarehe 26 Februari 2024, siku chache kabla ya kutimiza miaka 83. Tulifunga mapazia ya sebuleni. Koos alikuja, safari hii mikono mitupu, hakuuliza aliyefariki. Aliuliza, "Tufunge saa ngapi?"

Marehemu ameacha mume, Leendert. Watoto wawili, Bastiaan na Jobje. Mkwe mmoja, Marjolein, ndiye mimi ninayewasomea haya, niliyefundishwa naye kufunga pazia bila aibu. Na wajukuu wanne.

Leo saa mbili usiku, wakulima wote wa Kortelaan watazima taa na kufunga mapazia bila kuacha ufa, kama ifungwavyo nyumba yenye msiba. Tokeni nje, mtazame juu kaskazini mashariki. Msalimieni mzee Marinus. Mwambieni Neel amelala, na safari hii asimwamshe.

Apumzike kwa amani, gizani.