Ouseph Kuncheria na Barua Zake Zilizopita Hewani (1948–2024)

Kaka yetu Ouseph alizaliwa Ramapuram tarehe 9 Novemba 1948, mtoto wa tatu kati ya saba. Mimi, Leelamma, ni kitinda mimba. Nikichanganya mambo ya mitambo mtanisamehe, sikuwahi kuyaelewa.

Alisoma hapohapo Ramapuram hadi 1965, kisha akajifunza kupiga simu za maandishi Kottayam, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2008 na kuhamia huku milimani, kwenye mashamba ya iliki. Leseni yake ya redio ya kuwasiliana na watu wa mbali aliipata mwaka 1986.

Alifunga ndoa na Thresiamma tarehe 17 Januari 1977. Wifi aliwahi kununa wiki nzima kwa sababu ya redio hiyo. Kaka alikuwa akiandika redioni jina la hewani, zile herufi za leseni, la mtu asiyemjua, na kabla chai haijapoa anajibiwa jina kamili la mtu huyo na mji wake.

“Huyo anayekujibu haraka hivyo ni nani?” wifi akauliza.

“Ni kompyuta.”

“Kompyuta gani haina kazi nyingine?”

Agosti 2018 maporomoko yalikata barabara, simu zikafa siku tisa. Redio ya kaka, kwa betri ya gari, iliweza kutuma barua pepe fupi, mstari mmoja tu. Majirani walipanga foleni barazani. Siku moja aliandika mbili: moja kwa mwanawe Jijo, Doha, kwamba mama mzima, nyingine kwa Shaji, Bahrain, kwamba mama yake, Mariakutty jirani yetu, amefukiwa na udongo na amezikwa. Akazichanganya anwani, ya Jijo ikaenda kwa Shaji, ya Shaji kwa Jijo.

Siku ya tatu Jijo alifika kwa miguu, tope hadi mapajani, macho yamevimba. Mama yake alikuwa anakaanga samaki.

“Mbona umekonda hivyo? Nani kafa?”

“Wewe, Mama.”

Wifi akamwekea sahani. “Basi kaa ule kwanza.”

Kaka hakula. Alikwenda kwenye redio akamwandikia Shaji: Nilikosea. Aliyefariki ni mama yako. Nisamehe. Jibu lilikuja jioni: Sielewi. Rudia. Ikabidi arudie. Tangu hapo hakutuma ujumbe wa mtu bila kumsomea kwa sauti, jina na anwani, mara mbili.

Shaji hakumsemesha hadi Kwaresima ya 2021. Alikuja, akaketi, wakala muhogo. Mimi nilikuwepo.

“Mzee, zile siku mbili nilikuwa nawaambia watu wote mama yangu mzima. Nilinunua hata peremende nikawagawia. Mpaka leo sijui nikuchukie au nikushukuru.”

“Hata mimi sijui, mwanangu,” kaka akasema. Wakaendelea kula.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, alfajiri, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane, Thresiamma, mtoto, Jijo, wajukuu wawili, nami dada yake. Shaji yumo miongoni mwa wabeba jeneza, kwa ombi lake mwenyewe.

Tangu Jumanne redio imepokea jumbe kumi na moja za watu wanaomuuliza hali. Hatujui kuzijibu. Mwenye kujua, tafadhali abaki baada ya maziko, atusaidie kuwaambia, na awe mwangalifu na anwani.

Mungu amlaze kaka yetu kwa amani.