Neno la Mlango wa Ghala la Asali

Mgeni rasmi, Ndugu Mkuu wa Wilaya, viongozi wa Chama na Serikali, ndugu wananchi:

KARIBU

Sisi warina asali na walinzi wa Kijiji cha Ujamaa Igombanilo tunakukaribisha kwa furaha. Tunajua umekuja kuamua jambo moja: ghala letu la asali na nta libaki hapa, au lihamishiwe Tabora mjini kwa sababu ya wizi wa mwaka jana. Tutaeleza wizi huo kama ulivyotokea.

HISTORIA

Kijiji kilianza mwaka 1970, kando ya njia ya zamani ya misafara. Watu wa njia hii wamezoea wapita njia: mgeni hupewa maji kwanza, maswali baadaye. Nyumbani tabia hiyo ni nzuri. Ghalani haifai.

Warina asali hukaa porini wiki nyingi, na mlinzi hawezi kuzijua sura zote. Kwa hiyo Halmashauri ya Kijiji iliagiza kila anayechukua mzigo aulizwe neno la siri. Uamuzi ulikuwa sahihi. Utekelezaji ulikuwa mbaya. Neno lilitangazwa kwenye mkutano wa hadhara, kwa hoja kwamba katika ujamaa hakuna kufichana. Wafanyabiashara wa kutoka nje walikuwepo, wakapiga makofi pamoja nasi. Mlinzi angesema "Uhuru", mwenye haki angejibu "na Kazi". Hatujui mtu mzima nchini asiyejua jibu hilo.

Siku ya mnada alifika mtu na mkokoteni. Mlinzi, Ndugu Jilala, akasema "Uhuru". Yule akajibu "na Umoja". Akapewa madebe ya asali na nta, akasaidiwa na kufunga mzigo. Halmashauri ilipomhoji, Jilala alisema, "Jibu halikuwa lile, lakini lilikuwa la kweli. Ningemkatalia mtu umoja?" Tangu hapo watoto humwita Bwana Umoja, naye huitika.

MAFANIKIO

Sasa mtunza ghala, Bi Mwamvita, humpa kila mhusika neno peke yake, sikioni, na hulibadilisha kila Jumatatu. Haliandikwi mlangoni wala kwenye kiganja. Haliwi kaulimbiu, wala jina ambalo watu wamelizoea. Ndugu Luhende alipendekeza jina la fahali wake. Alikumbushwa kwamba huliita kwa kelele kila asubuhi. Ghala la mbegu lina neno lake tofauti, ili neno likimponyoka mtu, mlango mmoja tu uwe hatarini.

Mambo haya tunayafundisha katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, na vijiji viwili vya jirani vimeleta watu kujifunza. Tangu tuanze, ghala halijaibiwa.

MATATIZO

La kwanza liko majumbani. Mke wa mrina asali mmoja alimwambia mumewe mbele ya majirani kwamba chakula anakula kwake, lakini neno ananong'onezana na Mwamvita. Tulimweleza sababu. Alielewa, ila hajaacha kumtania.

La pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni ukwe. Kwetu mwanamume humpisha mama mkwe njiani, hamsimamishi. Mama Ng'washi, mama mkwe wa Jilala, ni mmoja wa wanaosafisha nta. Kila alipokuja, Jilala aliingia kichakani na mlango ukabaki bila mtu. Siku moja mama akaita, "Baba, toka huko uniulize. Nyumbani mimi ni mkwe wako. Hapa ni mtu mwenye debe."

Jilala akatoka, akauliza akiwa ameelekea ukutani. Mama akajibu kwa neno la wiki iliyopita. Jilala akamrudisha. Mama Ng'washi aliondoka akicheka, akaeleza kijiji kizima kwamba binti yake ameolewa na mtu wa maana.

MAOMBI

Tunaomba ghala libaki. Likihamia mjini, kina mama wa nta na wazee hawataumudu mwendo, na kazi hii itawaponyoka.

Tunaomba pia turuhusiwe kutopeleka neno la kila wiki ofisini kwako kuhifadhiwa kwenye faili, ingawa tumeagizwa kulipeleka. Faili hufunguliwa na wengi.

Mgeni rasmi, baada ya risala hii utatembelea ghala. Mlangoni yupo Jilala. Atakuuliza neno. Hutakuwa nalo, na hakuna atakayekunong'oneza. Utasubiri Bi Mwamvita aje kukusindikiza, kama mgeni mwingine yeyote. Jilala akikupisha kwa sababu ya cheo chako, hamisha ghala kesho; hatutalalamika.

Mungu akujalie afya na safari njema, ailinde Tanzania, na aijalie miombo yetu maua mengi msimu huu.

Ni sisi,
Warina Asali na Walinzi wa Ghala,
Kijiji cha Ujamaa Igombanilo, 1975.
Imesomwa na Mwanahawa Shaban, Katibu.