Betri ya Ma Jovitha Ikae Wapi

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika pale Kagoma, na maji bado yalikuwa yanadondoka kwenye majani ya migomba, wakati gari la kutoka Bukoba liliposimama mbele ya benchi la Saburi na kondakta akashusha maboksi mawili. Saburi huuza kahawa hapo kando ya barabara, na benchi lake lina wenyewe. Yupo Avit, anayeitwa Volti kwa sababu aliwahi kubadilisha balbu ya kanisani na mpaka leo hajaacha kusimulia. Yupo mzee Kamala, anayeitwa Katiba, mjuzi wa kila sheria ambayo haijaandikwa. Maboksi yalikuwa ya Jovitha, mjane anayetotolesha vifaranga kwa mashine ya umeme. Moja lilikuwa na betri ya sola. Jingine lilikuwa na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe vitu vya nyumbani. Paneli zilishafungwa juu ya bati lake. Jovitha alikuja mbio na magumbuti yake ya mpira, akakaa juu ya boksi la betri, akaomba kahawa. Fundi alikuwa njiani, na Jovitha aliazimia kutonyanyuka hapo mpaka fundi afike.

— Ma Jovi, hii kitu inakaa chumbani, Volti akaanza. Chini ya kitanda. Mwizi akija anakukuta wewe kwanza.

— Na mimi nikikutwa kwanza, nimefaidika nini?

Saburi akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Fundi kaniambia kwenye simu, chumba cha kulala hapana, Jovitha akasema. Anataka pakavu, penye hewa, pasipopigwa jua wala moshi wa jiko.

— Mafundi wa kwenye simu hao! Volti akasema. Basi weka juu ya paa. Hebu fikiri: jua liko juu, paneli ziko juu. Betri ukiiweka chini, umeme unaifikia umechoka.

— Na mvua je?

— Unaifunikia mwavuli.

Mzee Kamala alikuwa anatafuna akamwani, kahawa yetu ile ya kuchemsha na kukausha. Akatema maganda taratibu.

— Mnacheza nyie. Betri ikae kibanjani, kule kwenye migomba ya ukoo, pembeni ya kaburi la marehemu. Unaijengea kibanda. Nani atathubutu kuiba hapo? Na marehemu mwenyewe anapata kazi ya kulinda.

Marehemu alikuwa Ishengoma, mume wa Jovitha, na huu ulikuwa mwaka wa pili tangu wamzike.

— Ta Kamala, Jovitha akasema, Ishengoma alipokuwa hai mbwa walikuwa wanamwibia nyama kwenye sahani anatazama. Mwacheni apumzike, jamani waitu.

Wakacheka tena, Jovitha akiwa wa kwanza.

— Mimi naona ikae hapa kijiweni, Saburi akasema. Sisi tupo kutwa nzima, tutailinda. Na birika lichemke bila mkaa.

Hapo ndipo Evarist alipotokea, kaka mkubwa wa marehemu, shati limepigwa pasi. Hakukaa.

— Maboksi yamefika? Vizuri. Yapelekwe nyumba kubwa.

Nyumba kubwa ilikuwa yake, upande wa pili wa ua.

— Kwangu kuna ukuta wa tofali na mlango wa chuma, akaendelea. Kwako ni udongo. Betri ikae kwangu, nitakuvutia waya.

— Na swichi, mulamu? Jovitha akamuuliza shemeji yake.

— Kwangu. Kwa usalama.

Jovitha aliujua usalama huo. Wiki ile ya matanga, cherehani ya Ishengoma ilibebwa kwenda nyumba kubwa kwa usalama. Redio ikafuata, kisha baiskeli. Vyote viko salama huko mpaka leo, na mke wa Evarist anashonea cherehani ile sare za shule. Siku zile Jovitha alikuwa amekaa kwenye mkeka, ua umejaa watu, hakusema neno. Halafu masika yaliyopita umeme ulikatika akiwa kitandani na malaria, na alipopata nguvu za kusimama, mayai yote yalikuwa yamepoa. Aliyapasua moja moja, akakuta vifaranga waliokwisha kuota manyoya, akawafukia kwenye shina la mgomba. Ndipo alipouza ndama wake, akaagiza sola.

Akaweka kikombe chini.

— Haiendi.

— Umesemaje?

— Haiendi nyumba kubwa. Inakaa stoo kwangu, jirani na mashine. Nimejenga kijukwaa cha tofali, sementi nimepaka kwa mkono wangu, dirisha nimetoboa.

— Hiyo ni mali ya ukoo, Jovitha.

— Ndama alikuwa wangu. Mama yake nilikuja naye kutoka kwetu Rubafu.

Mzee Kamala akakohoa.

— Kisheria, ng'ombe akila majani ya kibanja cha ukoo, tumbo linakuwa la ukoo. Ila kwato zinabaki za mwanamke.

— Basi tuifunge betri kwenye kwato, Saburi akasema.

Evarist alikuwa amekunja uso.

— Unanijibu hivi mbele za watu?

— Nilinyamaza ndani ya nyumba, hamkunisikia.

Jovitha akabana magoti kwenye boksi, akabaki amekaa.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mwanamke mwenye begi la vifaa mgongoni, na Volti akachungulia nyuma yake kumtafuta fundi.

— Fundi ndiye mimi. Consolata, kutoka Nshambya. Shikamoo, mzee. Habari za hapa?

Wakamvamia wote kwa pamoja. Volti na paa lake, Katiba na kaburi lake, Saburi na birika lake. Evarist akanyoosha kidole kuelekea nyumba kubwa, akaeleza mlango wa chuma mara mbili. Consolata akawasikiliza mpaka mwisho huku anafuta matope kwenye helmeti.

— Sawa, akasema. Swali dogo tu. Umeme ukikatika usiku na mayai yamo kwenye mashine, nani huwa anaamka?

Volti akatazama ndani ya kikombe chake. Mzee Kamala akataka aongezewe kahawa. Saburi akatikisa birika, halikutoa kitu.

— Mayai anaweza kuyaangalia mtu yeyote, Evarist akasema.

— Nimeuliza nani anaamka.

Lori la ndizi likapita, likapotelea kwenye kona. Jovitha akasimama, akapandisha boksi la inveta juu ya lile la betri, akainama, akashika upande mmoja. Consolata akashika upande wa pili. Lilikuwa zito kweli. Walivuka barabara hatua fupi fupi, magumbuti yakiteleza kwenye tope.

— Nitaita kikao cha ukoo! Evarist akapaza sauti nyuma yao.

— Kiite, Jovitha akajibu bila kugeuka. Wakija, waelekeze nyumbani kwangu.