Asilimia Sitini na Mbili

Benchi liko nje ya duka la fotokopi, hatua chache kutoka lango la chuo kikuu, na mguu wake mmoja umeshikiliwa na tofali. Asubuhi ile Mwalimu alipokea kahawa yake asiinywe. Hufundisha uandishi wa kitaaluma na mawasiliano ya kidijitali, na saa nne alitakiwa mbele ya kamati ya nidhamu kuthibitisha kwamba mwanafunzi wake ameiba maandishi. Akithibitisha, binti anafukuzwa. Roho ilikuwa inamsuta, na hakujua kwa nini, maana ripoti ya kompyuta ilikuwa wazi: asilimia sitini na mbili ya kazi ya binti huyo imekutwa kwingine.

— Sitini na mbili? — Toner, mwenye duka, alipiga mluzi. — Mimi ninayenakili vitabu vya watu kutwa nzima sifiki huko.

— Wewe nyamaza, mwizi wa jumla — alisema Wakili, karani mstaafu wa mahakama ambaye hajawahi kuwa wakili hata siku moja. — Mashine haiwezi kuwa shahidi. Nani ataihoji?

— Mashine zina wivu, mzee. Ikiona mtu kaandika vizuri, inasema ni yake.

— Si wivu, ni uchovu. Imesoma kila kitu duniani. Sasa hata ukiipa salamu, itasema umeiba.

— Basi iko siku itatushtaki kwa kupumua, maana nako wametutangulia wengine.

Siku nyingine Mwalimu angecheka mpaka kahawa imwagike.

— Jamani, mtoto wa watu anapoteza chuo.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri nakala ya barua yake akasogea, bahasha kwapani.

— Samahani, Mwalimu. Hiyo kazi aliyoandika, inasema nini?

Mwalimu akaweka kikombe chini. Darasani ana wanafunzi mia tatu na arobaini. Alikuwa ameisoma namba, akaiona mistari ambayo kompyuta imeitia rangi nyekundu, akasaini. Kazi yenyewe hakuisoma. Wakili hakuwa na pingamizi.

Akaitoa simu, akaifungua kazi. Sentensi ya kwanza, nyekundu: *Makala haya yanachunguza suala ambalo halijapewa uzito unaostahili.* Aliifahamu. Kila mwaka huiandika ubaoni na kuwaambia, anzeni hivi, mtanishukuru. Akashuka chini. Nyekundu nyingine, ya Mwalimu mwenyewe. Na nyingine, yake. Darasa zima lilikuwa limeandika hivyo hivyo, miaka nenda rudi, na ni huyu mmoja tu aliyemtii kila mstari. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Katikati ya wekundu kulikuwa na aya nyeusi, ambayo kompyuta haikuikuta popote.

— Anaandika kuhusu ujumbe wa sauti — alisema polepole. — *Mama yangu hajui kusoma. Simu ndiyo kalamu yake. Ninazo sauti zake mia mbili na kumi na sita, na nimezichambua zote.*

Yule mama akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

— Zote? — aliuliza. — Amezitunza zote?

Toner alimletea barua yake ya wito wa kamati na nakala yake, akakataa malipo.

Mwalimu akasimama. Zilibaki dakika kumi kufika saa nne.

— Twende, mama. Ninayepaswa kushtakiwa mle ndani ni mimi. Lakini kwanza nitawasomea aya hii, na wewe uisikie.