Sinki la Mwanaasha

Haya ni kweli tupu. Sijaongeza hata chumvi. Mwaka 1983, basi lilipoondoka Kwa Mathias, mama mmoja aitwaye Mwanaasha alimlalamikia bwana aliyekaa naye kiti kimoja:

"Sinki la bafuni mume wangu kalifunga mwenyewe, yeye na rafiki yake. Maji hayashuki! Leo wakwe wanakuja, watanawia wapi?"

"Bomba halina mteremko, dada," alisema yule bwana, kama mhandisi.

"Mteremko upo, kaka. Walipima."

Mimi, kiti cha nyuma yao, nikashindwa kunyamaza. "Litoeni lile gunzi mlilozibia bomba mchanga usiingie."

Mwanaasha akageuka taratibu. "Shikamoo, baba. Gunzi umelijuaje?"

"Marahaba. Nimekisia."

"Kumbe rafiki mwenyewe ndiye wewe!"

Basi likasimama Mlandizi. Nikashuka naye, tiketi yangu ya Chalinze mfukoni.